Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa: Tujengeeni Chumba Kimoja cha Jumba la Gede Hapa Nairobi

Majengo, Pumwani,
Nairobi.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: CHUMBA KIMOJA CHA JUMBA LA GEDE, KWA UKUBWA WAKE KAMILI

Mimi ni mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi hapa jijini, na kabla ya kushika chaki nilishika mwiko kwa miaka mingi. Ombi langu ni moja. Naomba Makavazi yajenge, katika uwanja wake wa Museum Hill, chumba kimoja cha jumba la kifalme la Gede, ule mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu kule Kilifi, Pwani: kwa mawe, chokaa na boriti, kwa vipimo vyake halisi, na kikiwa na paa lake. Siombi mfano mdogo wa kuwekwa ndani ya kabati la kioo, wala picha ya kutundikwa ukutani. Naomba chumba ambacho mtoto wa Nairobi ataingia, ataketi, na mlango utafungwa nyuma yake.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu kumi na wanne Gede. Tulipanda treni ya asubuhi hadi Mombasa, tukalala, na kesho yake tukakodi matatu kuelekea Kilifi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona bahari. Jumba la kifalme walilijua kwa namna Nairobi inavyowafundisha: nguzo nne nyeupe mbele, ngazi pana, simba wawili wa saruji langoni, kama zile nyumba za matajiri wanazoenda kufanyia kazi ya mjengo wakati wa likizo. Tulipopita chini ya upinde wenye ncha na kuingia katika jumba la Gede, walinyamaza kwa muda. Kisha kijana mmoja wa Kayole akatoa tepu yake ya kupimia. Akapima chumba cha kwanza, akapima cha pili, akapima na cha tatu. Akarudi kwangu uso umekunjamana.

"Mwalimu, huyu mfalme alikuwa na pesa. Mbona vyumba vyake ni virefu halafu ni vyembamba hivi?"

Sijapata kuulizwa swali bora zaidi katika ualimu wangu. Nikamwambia atazame juu, jibu liko darini. Akatazama. Juu palikuwa na anga, majani ya mti mkubwa, na kima wawili waliokuwa wakituangalia. Dari haikuwapo, na kwa hiyo jibu halikuwapo.

Nikalazimika kulichora ardhini kwa kijiti. Paa la nyumba ya mawe ya Waswahili lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina huruma: ina urefu wake, na urefu ule ukizidi kiasi, inapinda. Ndiyo maana upana wa chumba, kiwe cha sultani au cha mfanyabiashara wa kawaida, huanzia kama mita mbili na nusu na haufiki mbali zaidi ya hapo. Utajiri haukuweza kupanua chumba. Uliweza kukirefusha, kuongeza kingine nyuma yake, na kuupamba ukuta. Juu ya boriti zilipangwa bapa za mawe ya matumbawe, juu ya bapa ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto za matumbawe, kisha watu wakapanda na kupiga sakafu kwa magongo, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka chokaa ikashikana ikawa kama jiwe moja. Paa la namna hiyo ni zito mno. Ule unene wa ukuta unaowashangaza wageni, karibu nusu mita, unatokana kwa sehemu kubwa na mzigo huo.

Wanafunzi walielewa hesabu. Lakini niliona wazi kwamba chumba chenyewe hawajakielewa, na kosa halikuwa lao. Walikuwa wamesimama ndani ya jumba huku jua la saa sita likiwachoma vichwa, wakitembea kutoka chumba hadi chumba kama watu wanaotembea katikati ya ua wa miti. Gede imebakiwa na kuta. Kivuli chake kimekwenda pamoja na paa. Na jumba la Kiswahili, Mheshimiwa, linajengwa kwa kivuli kama linavyojengwa kwa mawe.

Nijaribu kulieleza kama ninavyoliona mimi. Mgeni aliingia langoni akashuka katika uwanja uliochimbwa chini ya usawa wa ardhi, pembeni una mabaraza ya mawe. Hapo kulikuwa na mwanga mkali, na hapo ndipo watu walipoketi kusikilizwa mashauri yao. Kutoka uwanjani aliyeruhusiwa aliingia chumba cha kwanza, kirefu, kilichopata nuru kupitia milango tu. Nyuma ya hicho kuna vingine, na kila hatua moja ya kwenda ndani ilikuwa hatua moja ya kwenda gizani, kwenye ubaridi na kwenye faragha. Kutani kuna vishimo vidogo vya kuwekea taa. Kuna safu za matundu yaliyokuwa na vigingi vya mbao vya kutundikia mazulia na vitambaa. Mtu akiyaona matundu yale leo, juani, anadhani ni uchakavu. Kumbe ukuta ule ulivaa nguo. Kulikuwa na vyumba vya akiba visivyo na mlango wa kawaida, ambavyo aliyetaka kuingia alipanda na kupitia juu. Kulikuwa na vyoo vya shimo vyenye mahali pa kutawadhia, ndani kabisa ya nyumba, na visima karibu, karne kadhaa kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli.

Na vyombo! James Kirkman, aliyeanza kuchimbua mji huo mwaka 1948, alizipa nyumba majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: nyumba ya makauri (yaani simbi), nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kauri. Kauri zilitoka China, vyombo vingine Uajemi, shanga zikafika kutoka Venice. Hapo kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kwa hiyo hatubahatishi tunapouita mji huu mkongwe. Jambo linalonishangaza mimi ni kwamba Wareno walikaa Malindi miaka mingi, mwendo wa kilomita kama kumi na sita tu kutoka pale, na hawakuandika neno lolote kuhusu Gede. Kuhusu sababu za watu kuuhama katika karne ya 17, wataalamu wanaendelea kubishana na mimi nawaachia. Haja yangu ni chumba.

Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya turathi za dunia. Tulishangilia hapa Nairobi, na mimi nilishangilia darasani mpaka wanafunzi wakacheka. Lakini nilijiuliza: ni watoto wangapi wa Eastlands watakaowahi kufika Kilifi? Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, kiingilio. Nimepiga hesabu hizo mara nyingi, nazijua. Safari yetu ya siku tatu ilitugharimu michango ya mihula miwili. Shule nyingi za msingi za mtaani kwetu hazithubutu. Watoto wao wanaletwa Museum Hill, na ndiyo safari yao kubwa ya mwaka.

Na Museum Hill mnajua tayari kufanya hiki ninachokiomba. Katika ua wenu amesimama Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya rais hadi alipokufa mwaka 1974, sanamu yake ikiwa na ukubwa wake wote na pembe zake zote. Mlitambua kwamba picha ya ndovu haimfundishi mtoto ukubwa wa ndovu. Nimewaona watoto wakisimama chini ya pembe zile vichwa vimeinuka, midomo wazi. Hawahitaji mwalimu wakati huo. Chumba nacho kiko vivyo hivyo. Ukubwa wake na wembamba wake vinajulikana kwa bega na kwa kichwa, havijulikani kwa jicho peke yake.

Mtoto wa Nairobi leo akitaka kuingia nyumba ya kihistoria, ataingia ile ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912, ambayo Denmark iliikabidhi Kenya wakati wa uhuru na ikafunguliwa kuwa makavazi mwaka 1986. Ataona kitanda, ataona jiko, ataona saa. Wakibahatika kusafiri, watapelekwa Njoro kwenye kasri la Lord Egerton, kazi iliyoanza mwaka 1938 na kwisha 1954. Sina ugomvi na nyumba hizo. Nimewapeleka wanafunzi kote kuwili, na mawe ya Njoro yamechongwa kwa ufundi ninaouheshimu. Ila mtoto akishaingia nyumba hizo mbili na akakosa kuingia ya tatu, ataondoka akiamini kwamba watu waliojua kuishi kwa hadhi katika nchi hii walitoka nje, na kwamba sisi tulianza na bati. Hakuna mtu atakayekuwa amemwambia hivyo. Atakuwa amejisomea mwenyewe kwenye kuta alizopewa kuzigusa.

Nilizaliwa Majengo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na fito, paa la bati, korido katikati na vyumba pande mbili, uani nyuma. Mbele palikuwa na baraza, na wageni wa kiume wa babu waliishia hapo. Bibi alikuwa na chumba chake cha mwisho, na katika ukuta unaotazamana na mlango alipanga vikombe na sahani ambazo hakuna aliyezinywea wala kuzilia. Ukifungua mlango, kitu cha kwanza kukuangalia kutoka gizani kilikuwa weupe wa sahani zile. Sikujua kwamba naishi ndani ya mpango wa jumba. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, nilipoingia nyumba ya mawe ya Lamu kwa mara ya kwanza: daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (chumba kirefu cha mbele), na mwisho ndani, ambako ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, umechongwa kwa chokaa ili kubeba kauri na kuwaka kwa nuru kidogo inayofika. Nilimwona bibi pale. Niliketi kwenye sakafu nikalia, na mzee aliyekuwa akinionyesha nyumba akaniacha bila kuniuliza lolote.

Pumwani ilianzishwa miaka ya 1920, na wakazi wake wa kwanza walihamishwa kutoka vijiji vya mjini vilivyobomolewa. Walipopewa viwanja, walijenga kwa kumbukumbu. Nyumba nyingi za aina ile sasa zimepisha maghorofa, na sidai zirudi, maana naijua kero ya vyoo na maji. Nasema tu kwamba watu wa Nairobi wana haki ya kulidai jumba la Gede kama lao, kwa kuwa mpango wake ulifika mpaka huku.

Sasa niseme habari ya chokaa, kwa sababu hapo ndipo ombi langu linapopata haraka.

Nikiwa kijana, mwenye nyumba mmoja wa Mombasa alinipa kazi ya kutengeneza ukuta wa nyumba ya wazee wake. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe, chokaa yake ikibanduka chini. Nilijiona fundi. Nikaibandua yote, nikapiga plasta ya saruji, nikasugua mpaka ukuta ukawa laini kama kioo, nikalipwa, nikashukuriwa. Baada ya miaka mitatu akanipigia simu. Plasta ilikuwa imevimba, na ilipoanguka iliondoka na ngozi ya jiwe. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu na chumvi kutoka ardhini, na chokaa huuacha unyevu huo utoke polepole. Saruji huuziba. Unyevu unabaki nyuma ya plasta, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulipasua kutoka ndani. Ukuta uliokuwa umesimama tangu enzi za wazee wake niliujeruhi kwa wiki mbili za kazi safi. Nilirudi kuomba radhi na kuitoa saruji yote, lakini ngozi ya jiwe hairudi.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha, na mimi darasani leo nafundisha saruji kwa sababu mtaala unadai saruji na kazi za Nairobi ni za saruji. Chokaa naifundisha kwa maneno tu. Namwelezaje kijana tanuu la chokaa asiloliona: magogo yaliyopangwa duara, matumbawe juu yake, moto wa usiku kucha, kisha mawe yale meupe yanamwagiwa maji na yanachemka yenyewe na kupasuka kuwa unga, kisha chokaa inalazwa shimoni miezi ili ikomae? Namwelezaje kwamba mwashi mzuri anaijua chokaa iliyokomaa kwa jinsi inavyoteleza kwenye mwiko? Wazee wanaojua mambo haya kwa mikono yao wako Lamu na visiwa vya jirani, na kila mwaka wanapungua.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja iliporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na mafundi wawili wakafa. Jumba lile alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Siwahukumu waliokuwa wakilikarabati, sikuwapo. Lakini mimi ni mtu wa ujenzi, na niliposoma kwamba waliokufa ni mafundi, niliwahesabu vijana wangu mmoja mmoja. Hao ndio watakaopelekwa kesho kwenye majengo kama yale, na sitaki waende bila kujua ukuta wa matumbawe unavyobeba mzigo na unavyoonya kabla ya kuchoka.

Kwa hiyo chumba hiki kiwe darasa wakati kinapojengwa, kabla hakijawa maonyesho. Waiteni waashi wanne au watano wazee kutoka Lamu. Wapeni kila mmoja vijana watatu kutoka vyuo vya Nairobi. Kazi ifanywe polepole, mbele ya watu, nyuma ya kamba, ili wageni wa makavazi waione chokaa ikichemka na wasikie magongo ya kupiga sakafu. Baridi yetu ya Juni na Julai ingefaa kwa plasta, kwa maana chokaa haipendi kukaushwa haraka na jua kali.

Nimejiuliza kwa nini Gede na si Lamu, kwa kuwa zidaka za Lamu za karne ya 18 ni nzuri kupita chochote Gede ilicho nacho. Jibu langu ni kwamba Lamu ingali na nyumba zenye paa, zenye watu ndani. Mtu akifika ataona. Chumba cha Gede hakionekani popote duniani. Hata aliyefika Gede hajakiona. Hata Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa, yenye vyumba zaidi ya mia moja na kidimbwi cha pembe nane, imebaki magofu yaliyo wazi. Mkijenga chumba hiki, Nairobi itakuwa na kitu ambacho hata Gede yenyewe haina, na aliyekaa ndani yake kwa dakika kumi ataenda Gede akiwa na macho mengine.

Najua maswali yatakayoulizwa ofisini. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe kabisa. Zamani yalikatwa yakiwa laini, yakachongwa miimo ya milango kabla hayajawa magumu, lakini bahari ya leo haiwezi kutupa hayo, na mafundi wanaweza kuchonga miimo kwa jiwe la nchi kavu au kuitengeneza kwa chokaa. Kwa kuta, jiwe la matumbawe la machimbo ya nchi kavu lipo Pwani. Boriti za mikoko zitahitaji kibali, na chumba kimoja hakihitaji nyingi. Vipimo mnavyo, kwa kuwa Gede iko mikononi mwenu. Fedha ni swali gumu zaidi na sitajifanya mjuzi wa bajeti yenu. Nitasema tu kwamba kazi ya mikono, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gharama, vyuo vyetu vinaweza kuichangia bila malipo, kwa kuwa ni masomo.

Kisha naomba kitu kimoja kidogo ndani ya hicho kikubwa. Chumba kikimalizika, msiweke taa za umeme. Wekeni taa moja ya mafuta, au mfano wake salama, katika kishimo chake ukutani. Tundikeni zulia kwenye vigingi. Wekeni bakuli moja la kauri mwisho wa chumba, kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Watoto waingie wakitoka kwenye jua la ua, wasimame mpaka macho yazoee giza, na waanze kuliona bakuli lile pole pole.

Yule kijana wa Kayole bado ana daftari lake la vipimo vya Gede. Ameshachora mpango wa chumba kimoja, kwa penseli, boriti zote zimehesabiwa. Niko tayari kuuleta ofisini kwako siku yoyote ya juma baada ya saa tisa mchana, naye atafuatana nami akiruhusiwa. Muhula wetu unafungwa mwezi wa nane, na kuanzia hapo nina vijana kumi na wanne wasio na kazi kwa wiki tatu, wenye miko yao wenyewe.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa ujenzi,
Majengo, Nairobi.